Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya, TMDA na NIMR: majaribio ya virusi vya kutibu kansa ya utumbo yasitupite

Waheshimiwa wakubwa zangu wa Wizara ya Afya, TMDA (wadhibiti wa dawa), NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa), na nyie wa Ofisi ya Makamu wa Rais mnaoshughulika na mazingira (mbele ntasema kwa nini na nyie mmo), shikamooni. Mimi sio daktari, ni mwananchi tu niliyeuguza mtu wa kansa ya utumbo mpana, na toka hapo nimekuwa nasoma kila kinachoandikwa kuhusu huu ugonjwa, usiku usiku kwenye simu, mpaka mke wangu ananiambia si ungesomea tu udaktari tujue moja. Naandika hadharani maana barua ya kupeleka masijala naijua, itagongwa muhuri wa kupokelewa afu basi.

Ishu yangu ni virusi. Kuna matibabu ambayo wanachukua kirusi, wanakichezea vinasaba maabara mpaka kinakuwa kinazaliana ndani ya seli ya kansa tu, kinaipasua, kinahamia ya jirani, na seli yenye afya kinaiacha. Hizi sio stori za kuforwadiwa. China waliruhusu cha kwanza mwaka 2005, kinaitwa H101, ni adenovirusi, yaani jamii ya hivi vinavyotuletea mafua, wao wakakiruhusu kwa kansa za kichwa na shingo. Marekani 2015 wakaruhusu T-VEC kwa kansa ya ngozi ile ya melanoma, hiki kimetokana na kirusi cha herpesi kinacholeta vidonda mdomoni. Japani 2021 wakaruhusu Delytact kwa uvimbe wa ubongo, nacho ni herpesi iliyokatwa vinasaba, kazi ya profesa Tomoki Todo wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Kwa kansa ya utumbo mpana bado, hakuna kilichoruhusiwa, viko kwenye majaribio, na mimi ndo naandikia hapo hapo kwenye majaribio kwa sababu ikisharuhusiwa huko kwao sisi tutakuwa tumeshachelewa, na sisemi kuchelewa kwa maana ya foleni.

Kwanza nieleze kidogo inavofanya kazi maana nikisema tu virusi mtu anakimbia. Chukua Pexa-Vec. Hiki kinatokana na vaksinia, kile kirusi cha chanjo ya ndui. Wamekitoa jini (kipande cha vinasaba, sio lile jini la kupunga) inayotengeneza kimeng'enya fulani ambacho kirusi kinakihitaji ili kijizalishe, sasa kikiingia kwenye seli iliyotulia hakipati hicho kitu, kinakwama, lakini seli ya kansa yenyewe muda wote inagawanyika kwa hiyo kimejaa tele humo, kirusi kinakula bure. Juu yake wakaongeza jini ya protini inayoita askari wa kinga ya mwili waje pale. Kwa hiyo kuna kupasua na kuna kuita. Na wataalamu wengi siku hizi wanasema hiko cha pili ndo chenye thamani zaidi, maana seli ikipasuka inamwaga vitu vyake nje na kinga ya mwili inapata kuijua sura ya kansa ambayo siku zote ilikuwa inaipita tu.

Kwenye utumbo mpana hili ni kubwa sana na naomba mlisome taratibu. Mtakuwa mmesikia habari za 2022 kutoka hospitali ya Memorial Sloan Kettering kule New York, wagonjwa 12 wa kansa ya puru (ule mwisho wa utumbo mpana) wakapewa dawa ya kinga, yaani ya kuifungulia kinga ya mwili ipigane na kansa, inaitwa dostarlimab na wote 12 uvimbe ukapotea, mitandaoni ikawa dawa ya kansa imepatikana. Ni kweli ilitokea ila wale walichaguliwa, kansa zao zilikuwa za aina ambayo seli zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA, zinakuwa na makosa mengi mno kiasi kwamba kinga ikifunguliwa tu inaziona. Ukija kwa wagonjwa wa utumbo mpana ambao kansa imeshasambaa, wa aina hiyo ni kama 5 tu katika kila 100. Hao 95 waliobaki dawa za kinga zinawapita kama maji ya moto kwenye jiwe. Ndo maana watu wanahangaika na virusi, wanataka kuiamsha kansa iliyopoa ili kinga iione.

Matokeo mpaka sasa? Ntasema ukweli maana sitaki mnione ni mtu wa kuuza ndoto. Seoul, Korea Kusini, walijaribu Pexa-Vec kwa wagonjwa 15 wa utumbo mpana waliokuwa wameshindikana na dawa zingine, wanadungwa kwenye mshipa kila wiki mbili, ripoti ikatoka 2015: kwa 10 kansa ilisimama kwa muda. Kusimama, sio kupona. Na hiko hiko Pexa-Vec 2019 jaribio lake kubwa la kansa ya ini lilisitishwa baada ya kuonekana haliendi popote. Kuna kingine, enadenotucirev, hiki kina historia nzuri, walichanganya aina tofauti za adenovirusi wakazishindanisha kwenye seli za kansa ya utumbo mpana maabara, mzunguko baada ya mzunguko, kilichoibuka mshindi 2008 wakakiita ColoAd1. Kikidungwa kwenye mshipa kimeonekana kweli kinafika kwenye uvimbe. Wakakichanganya na dawa ya kinga ya nivolumab wakawapa wagonjwa, wengi wao wakiwa wa hao 95 niliowataja, na ambao uvimbe ulipungua ni wachache mno. Kwa hiyo safari ndo inaanza, hakuna wa kutamba.

Sasa sikilizeni hoja yangu. Kidonge ukikitengeneza Ulaya kikafanya kazi Ulaya, mara nyingi na huku kitafanya kazi, utarekebisha dozi mambo yanaenda. Kirusi sio hivo. Kirusi kinakutana na mwili ambao una kumbukumbu zake za virusi, na kumbukumbu za miili yetu sio za miili ya Oxford wala Seoul. Adenovirusi namba 5, ambayo ndo imetumika kutengenezea vitu vingi ikiwemo hiyo H101 ya China, watu wenye antibodi zake (silaha ambazo kinga ya mwili inatengeneza dhidi ya kirusi ilichowahi kukutana nacho) ni wengi zaidi huku kusini mwa Sahara kuliko Marekani na Ulaya, hili limepimwa miaka na miaka kwenye tafiti za chanjo ya ukimwi. Mgonjwa mwenye antibodi nyingi akidungwa kwenye mshipa kirusi kinaweza kuzimwa kabla hakijaona utumbo. Herpesi ndo usiseme, huku wengi tunaipata utotoni. Vaksinia nayo: muangalie mzee yeyote wa miaka 60 begani, utaliona kovu la chanjo ya ndui (sio la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, hayo tunayo wote), halafu muangalie kijana wa miaka 35 aliyezaliwa ndui imeshatokomezwa, hana. Wote wawili leo wanapata kansa ya utumbo, ila kirusi kitapokelewa tofauti kabisa. Nani anajua tofauti hiyo ikoje kwa Mtanzania? Hakuna, kwa sababu hajawekwa kwenye jaribio.

Na ushahidi kwamba miili inatofautiana tunao nyumbani. Bagamoyo, pale kwenye taasisi ya utafiti ya Ifakara, walijaribu chanjo ya malaria ya RH5 ambayo imebebwa na virusi viwili vilivyotengenezwa maabara, kimoja adenovirusi ya sokwe na kingine cha ukoo wa vaksinia, na ikaonekana watoto wachanga wa Kitanzania wanatoa antibodi nyingi kuliko watu wazima wa hapa hapa. Yaani kirusi kile kile, nchi ile ile, umri tu ukibadilika majibu yanabadilika. Afu mtu aniambie tusubiri data za Korea.

Kuna mwingine atasema huyu anataka kutuletea virusi vya maabara nchini. Ndugu yangu, vimeshakuja. Chanjo ya Johnson ya korona iliyozinduliwa hapa Julai 2021 na Rais akadungwa mbele ya kamera ni adenovirusi iliyochezewa vinasaba. Majirani zetu wa Kongo, Kivu Kaskazini, Beni na Butembo, 2018 mpaka 2020 walichanjwa watu zaidi ya 300,000 chanjo ya ebola ambayo ni kirusi cha mifugo kilichopandikizwa jini ya ebola, na hiko ni hai, kinazaliana mwilini, tofauti na hicho cha Johnson ambacho kimefungwa uzazi. Watu wanaoongea Kiswahili kama sisi, kwenye vita, umeme hakuna, chanjo inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, na ikafika. Kwa hiyo mtu asituambie mnyororo wa baridi hauwezekani Dar es Salaam wakati Butembo umewezekana.

Tena kama ni historia hii kitu imeanzia jirani tu hapo. 1971 madaktari Bluming na Ziegler waliokuwa kwenye kituo cha kansa Kampala waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu mtoto wa miaka 8 aliyekuwa na uvimbe wa Burkitt (aina ya kansa ya tezi inayopata sana watoto) jichoni, kabla hawajaanza kumtibu akashikwa na surua, uvimbe ukaanza kunywea wenyewe. Surua ya kawaida ya mtaani. Miaka zaidi ya 40 baadae, 2014, Mayo Clinic ya Marekani wakatangaza wamempa mama mmoja mwenye kansa ya uboho surua iliyofanyiwa kazi maabara, dozi moja inayotosha kuchanja watu milioni 10, na kansa ikarudi nyuma. Ila angalieni hapa, yule mama alichaguliwa kwa sababu alikuwa na antibodi kidogo sana za surua. Tunarudi pale pale kwenye kumbukumbu za mwili. Na huyo Burkitt ambaye uvimbe una jina lake, alikaa Uganda miaka mingi, ndo aliyewaambia wazungu kwamba Waafrika hawapati sana kansa ya utumbo kwa sababu ya kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Enzi zake sawa. Leo nendeni mkakae benchi la kliniki hospitali ya kansa ya Ocean Road asubuhi moja tu muone.

Sasa nije kwenye kwetu, na hapa ndo roho inaniuma. Mgonjwa wangu ni shemeji yangu. Alianza kutoa damu chooni, kila alipoenda aliambiwa bawasiri, akapewa dawa za kupaka, mtaani akauziwa unga wa mizizi kwenye chupa ya asali, miezi ikaenda. Kuja kuingizwa kamera ni baada ya kuwa amekonda suruali inafungwa na mkanda wa kutoboa. Hospitali nisiyoitaja wakakata kinyama, wakatuambia hapa hatupimi, pelekeni wenyewe. Nikapewa kichupa cha plastiki kina fomalini (dawa ya kuhifadhia) na kinyama kinaelea humo kama kipande cha kitunguu, jina limeandikwa na peni kwenye plasta, nikakitia kwenye mfuko nikapanda nacho daladala, mkononi nakishikilia kisimwagike, dada aliyekaa pembeni ananiuliza kaka hiyo harufu ya nini. Nilipofika maabara wino umeshafutika nusu. Majibu yakatoka baada ya wiki kadhaa, yameandika ni kansa, basi. Aina gani, ni ya wale 5 au wale 95, hakuna, kipimo hicho hakikufanywa na hakuna aliyekitaja.

Nimewaeleza hili ili mjue siombi ndege wakati barabara hakuna. Matibabu ya virusi hayawezi kuja mahali ambapo kinyama kinasafiri kwa daladala. Kabla mgonjwa hajaingizwa kwenye jaribio lazima ijulikane kansa yake ni ya aina gani, kirusi chenyewe kuna kinachodungwa kwenye mshipa na kuna kinachopelekwa mpaka kwenye uvimbe wa ini kwa sindano inayoongozwa na picha. Hiyo ya sindano Muhimbili wameshaanza kusomesha madaktari wake, hongereni sana kwa hilo nalisema kwa moyo mmoja, lakini kamera za utumbo na wataalamu wa patholojia (wanaopima vinyama) mikoani ni wa kuhesabu. Utafiti uliofanyika kwenye hospitali zetu mbili za taifa ulishaonyesha wagonjwa wa kansa hii wameongezeka mara kadhaa kati ya 2005 na 2015, na hiyo ni miaka kumi iliyopita. Tuwekeeni walau vipimo vya kuchambua aina ya kansa kwenye hospitali za kanda, na usafirishaji wa vinyama uwe kazi ya hospitali, sio ya ndugu. Hiki kinamsaidia mgonjwa hata kama virusi visingekuja milele.

Sasa nyie wa mazingira. Kirusi kilichochezewa vinasaba na kinachozaliana, kwenye karatasi kinaweza kusomeka kuwa ni GMO (kiumbe kilichobadilishwa vinasaba), na GMO kwetu ina kanuni za usalama wa kibayoteknolojia za 2009 chini ya sheria ya mazingira, ambazo zinasimamiwa kwenu. Wakati huo huo jaribio la dawa kwa binadamu linataka kibali cha TMDA na cha maadili cha NIMR. Mtafiti akitaka kuleta kitu kama Pexa-Vec Muhimbili aanzie mlango upi? Novemba 2018 tuliona Wizara ya Kilimo ilivosimamisha majaribio ya mazao ya GMO na kuagiza mabaki yateketezwe, sasa kampuni ya nje ikiona hivo itaweka hela zake hapa au itaenda pengine ambako njia inajulikana? Mimi siwaombi mlegeze, la hasha. Mgonjwa wa T-VEC kidonda chake lazima kifunikwe, anayemhudumia avae glavu, mjamzito na mwenye kinga dhaifu wakae mbali, kirusi kinaweza kutoka mwilini kwa mgonjwa kikamfikia mwingine. Hayo yote yaandikwe: atakaa wapi, choo chake kitaenda wapi, mtoto anayelala nae chumba kimoja itakuwaje, maana nyumba zetu mnazijua za kupanga chumba na sebule. Ninachotaka ni mwongozo mmoja, mlango mmoja, na siku za kujibu ziwe zinajulikana.

TMDA nyie uwezo mnao, nakumbuka Desemba 2018 mkiwa bado TFDA, WHO waliwapa daraja la tatu la udhibiti na mlikuwa wa kwanza Afrika. Kazi ya namna hii ndo ya daraja hilo. Andikeni mwongozo wa virusi vya kutibu kansa sasa hivi, kabla dawa haijafika, sio ikifika ndo kamati iundwe. Na muweke ndani yake mambo mawili ambayo watu wa nje hawatayakumbuka. Moja, wagonjwa wenye VVU. Majaribio mengi ya nje huwa yanawaweka pembeni, kwa huko kwao ni wachache haiwasumbui, kwetu ukiwaweka pembeni umeacha watu wengi nje na dawa ikija hatutajua wapewe au wasipewe. La pili ni nani atapata baada ya jaribio. T-VEC ilipotoka Marekani bei ilitajwa kama dola 65,000 kwa mgonjwa, hakuna bima ya hapa itakayobeba hiyo, hata hii bima ya afya kwa wote. Kampuni inayotumia miili ya Watanzania kujifunza isaini kabisa mwanzoni kwamba waliojitolea wataendelea kupata na nchi itauziwa kwa bei gani. Baadae hawasaini, tumeshaona kwenye mengine.

Fomu za ridhaa pia ziwe Kiswahili cha watu. Sio kile cha kamusi ambacho hata aliyekiandika hawezi kukisoma kwa sauti. Muandike wazi kwamba utapata homa kali na kutetemeka siku za mwanzo, kwamba inawezekana isikusaidie wewe chochote, na kwamba una haki ya kuacha siku yoyote na kemo yako ikaendelea kama kawaida.

Afu mfungue macho na matapeli. Hii habari ya virusi ikishaanza kusikika, mtaona matangazo ya dozi za virusi tiba zinauzwa kwa mpesa na kuletwa kwa bodaboda. T-VEC inahifadhiwa kwenye nyuzi 70 mpaka 90 chini ya sifuri, kitu cha namna hiyo hakiwezi kukaa kwenye kabati la duka la dawa. Tangazeni mapema.

Shemeji yupo, alikatwa kipande cha utumbo, anatembea na mfuko tumboni, anaendelea na kemo kwa mapenzi ya Mungu na michango ya ukoo. Sijamuandikia yeye hii barua, yeye jaribio likija leo huenda hata hatachukuliwa. Wizara nawaomba mseme hadharani ni hospitali zipi zinaandaliwa kwa ajili ya majaribio ya kansa, NIMR mtuambie kama kuna mtafiti yeyote ameshaleta ombi la aina hii na lilikwama wapi, TMDA na Mazingira mkae meza moja mtoe rasimu ya mwongozo muiweke wazi kwa Kiswahili tuichangie. Mkiiweka ntaisoma yote na maoni ntayaleta kwa maandishi, hata masijala ntakuja.

Mwananchi wa Tabata, Dar es Salaam